Roboti ya Kulishia Bila Roboti: Mwongozo wa Kufanya Utafiti kwa Njia ya Pazia

Mwanafunzi akipewa mradi wa roboti msaidizi, kitu cha kwanza anachotafuta ni mota. Cha pili ni fedha za kununulia mota. Muhula unaisha akiwa na mkono wa plastiki unaotetemeka mezani, na hajakutana hata na mtu mmoja ambaye angeutumia. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kufanya utafiti kamili wa roboti ya kulishia watu wasioweza kutumia mikono, bila kununua roboti, kwa vifaa vya dukani na mtu mmoja aliyejificha nyuma ya pazia. Nimewaandikia walimu wanaofundisha maingiliano ya binadamu na kompyuta, na vikundi vya wanafunzi wanne au watano wanaotafuta mradi wa muhula mmoja.

Nimechagua kazi ya kulisha kwa sababu ina historia, kwa hiyo huanzi sifuri. Mwaka 1987 Mike Topping wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, alitengeneza mkono uitwao Handy 1 ili mvulana wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo aweze kula bila kulishwa na mtu. Japani, kampuni ya Secom ilitoa My Spoon mwaka 2002: sahani yenye vyumba vinne, kijiko na uma, na kifimbo ambacho mtu anaweza kukiongoza kwa kidevu. Marekani kuna Obi, nayo ina vyumba vinne, na mhudumu huifundisha mahali pa kupeleka kijiko kwa kuushika mkono wake na kuusogeza hadi hapo.

Ukizitazama mashine hizo kwa makini utaona kwamba swali gumu halimo kwenye mota. Swali ni hili: nani anaamua tonge linalofuata liende lini, na litoke chumba kipi? My Spoon yenyewe ilikuja na namna tatu za kuendeshwa, kuanzia ile ambayo mtu anaongoza kila kitu hadi ile ambayo anabonyeza tu na mashine inamaliza. Mwaka 2020 Tapomayukh Bhattacharjee na wenzake, waliokuwa wakifanyia kazi mkono wa kulishia katika Chuo Kikuu cha Washington, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye ulemavu wa viungo si lazima wapendelee mashine inayojiamulia zaidi. Mhandisi hudhani kila kazi anayompunguzia mtu ni zawadi. Anayelishwa kila siku, miaka nenda rudi, anaweza kuona kinyume chake: hilo tonge ndilo jambo pekee mezani ambalo angependa kuliamua mwenyewe.

Hilo ndilo utakalolichunguza, na kulichunguza hakuhitaji roboti.

Njia ya pazia kwa ufupi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John F. Kelley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alitaka kujua watu wangeiandikiaje kompyuta ya kalenda kama ingeelewa lugha ya kawaida. Kompyuta hiyo haikuwepo. Akajifanya yeye kompyuta: mtu anaandika, Kelley anajibu kutoka mahali asipoonekana, na kadiri alivyokusanya maneno ya watu ndivyo programu ilivyoweza kuchukua nafasi yake kidogokidogo. Jina aliloipa njia hiyo lilitokana na hadithi ya Kimarekani ya mchawi wa Oz, ambaye pazia lilipofunguka alionekana kuwa mzee wa kawaida anayevuta nyuzi. Wakati huohuo watafiti wa IBM walijaribu taipureta inayosikiliza kwa kumweka mpiga chapa hodari chumba cha pili. Hapa nitaiita njia ya pazia, na aliyejificha nitamwita mwendeshaji.

Hatua ya 1: Tazama milo kabla ya kuchora chochote

Anza kwa kutafuta watu, na watafute kupitia vyama vyao wenyewe. Tanzania kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Kenya kuna UDPK, muungano wa vyama kama hivyo. Hospitali zenye huduma za utengamao, kama CCBRT ya Dar es Salaam, zinaweza kukuelekeza kwa wataalamu, lakini mtu uliyeletewa na daktari wake huona ugumu kukukatalia. Mtu aliyeambiwa na mwenyekiti wa chama chake hukuuliza maswali kwanza, na maswali hayo utayahitaji.

Omba kuhudhuria mlo mmoja nyumbani kwake. Mlo mmoja tu, ukiwa umekaa kando, na daftari badala ya kamera. Ukiingia, salamu na mazungumzo yaanze kwake. Ni kosa lililozoeleka kumsalimia mama au dada anayemhudumia, kisha kuuliza, “Yeye anapenda kula nini?” mwenyewe akiwa hapohapo anakusikia. Kama ni mzee, shikamoo ni yake, tena ni yake kwanza.

Andika nini? Andika ishara. Anayelisha anajuaje kwamba mwenzake yuko tayari? Ni macho, ni mdomo kufunguka kidogo, ni kumeza kunakoonekana kooni, au ni neno? Nani huchelewa? Mazungumzo yanaendelea wakati wa kula au yanakatika? Chakula kinapoa kabla ya kuisha? Mboga na ugali vinakwenda pamoja au kwa zamu? Anayelisha naye anakula saa ngapi? Swali hili la mwisho wanafunzi hulisahau, ingawa mara nyingi ndilo linaloeleza kwa nini familia ingetaka mashine.

Kisha muulize mwenyewe angependa mashine imfanyie nini, na uwe tayari kusikia jambo ambalo halihusiani kabisa na chakula. Henry Evans, Mmarekani aliyepooza mwili na kupoteza sauti baada ya kiharusi, alipoanza kushirikiana na watafiti kutumia roboti ya PR2, miongoni mwa kazi zilizompa furaha ni kujikuna na kunyoa ndevu. PR2 ilikuwa inauzwa dola 400,000. Kujikuna tu! Lakini fikiria kuwashwa shavu na kulazimika kumwomba mtu kila mara. Ukisikia jambo la aina hiyo, na ukaona lina uzito kuliko chakula, badilisha mradi. Hatua zilizobaki zinafanya kazi vilevile.

Neno kwa walimu: msiwafungie wanafunzi mikono kwa kamba ili “waonje” ulemavu. Utafiti wa Michelle Nario-Redmond na wenzake uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba maigizo hayo huwaacha watu na hisia za unyonge na hofu ya kupata ulemavu. Mtu aliyefungwa kamba kwa nusu saa anajua kufungwa kamba. Hajui lolote kuhusu mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini na kujijengea mbinu zake.

Hatua ya 2: Vibali, ridhaa, na nani asishiriki

Hapa mambo ni ya ofisini. Yafanye mapema maana huchukua muda. Chuo chako kina kamati ya maadili ya utafiti, anzia hapo. Tanzania, vibali vya utafiti hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na utafiti unaogusa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na kamati ya maadili iliyosajiliwa. Video ya mtu anayekula ni taarifa binafsi, na hali yake ya kiafya ni taarifa nyeti: soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kwa vitendo maana yake ni kwamba video isikae kwenye simu ya mwanafunzi, wala isipitie kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa dakika moja.

Ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na mshiriki akubali kwa namna anayoweza yeye: sahihi, dole gumba, neno lililorekodiwa, au ishara mbele ya shahidi aliyemchagua. Mlezi asikubali kwa niaba ya mtu mzima mwenye akili timamu.

Je, umwambie kuna mtu nyuma ya pazia? Watafiti wengi humficha mshiriki, kisha humfunulia mwishoni. Mimi kwa kazi ya kulisha napinga. Kijiko kinakuja usoni kwa mtu asiyeweza kukisukuma. Ana haki ya kujua kinaendeshwa na nani. Mwambie mapema: “Mashine hii bado haijakamilika. Kuna mtu anaisaidia, hutamwona, ila anafuata kanuni ambazo mashine ingefuata.” Ukweli huo hauharibu kitu unachopima, kwa sababu hupimi kama anaiamini roboti. Unapima anavyopenda kuamua.

Sasa usalama, na hapa usilegeze. Mtaalamu wa utengamao anayejua matatizo ya kumeza awepo wakati wa kuchagua washiriki na siku ya jaribio. Mtu anayepaliwa mara kwa mara, anayekohoa akila, au aliyewahi kupata homa ya mapafu kwa sababu ya chakula kuingia njia ya hewa, asijaribiwe kwa chakula. Anaweza kushiriki kwa kijiko kitupu, na maoni yake yakawa na thamani ileile. Wengine wapewe vyakula laini: wali ulioiva sana, viazi vya kuponda, maharage yaliyolainika, ndizi mbivu. Msilete samaki wa miiba, karanga, nyama ngumu, wala uji mwepesi au supu. Mshiriki akae wima, kichwa kisilale nyuma. Mhudumu wake wa kila siku akae karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Hatua ya 3: Tengeneza mkono wa uongo

Skandinavia, miaka ya 1980, wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji na watafiti wa mradi wa UTOPIA walitumia maboksi kusanifu kompyuta ambazo zilikuwa bado hazijatengenezwa. Boksi tupu liliandikwa kwamba ni printa ya leza, likawekwa mezani, na watu wakafanya kazi kana kwamba linachapa. Waliweza kubishana juu yake kwa sababu lilikuwa boksi. Kifaa kinachong’aa humtisha mtu asiseme kibaya.

Kwa mkono wako, tafuta taa ya mezani ya kukunja, ile yenye springi na viungo viwili. Ondoa taa yote na nyaya zake, ubaki na mkono. Mwishoni funga kijiko cha plastiki laini au cha silikoni kama vya watoto. Kijiko cha chuma kinaweza kuumiza meno. Funga mshipi wa kuvulia samaki kwenye viungo, upitishe kwenye vishikizo vidogo vilivyobanwa mezani hadi nyuma ya pazia. Mshipi hauonekani vizuri kwa mbali. Pazia linaweza kuwa shuka iliyotundikwa kwenye fremu ya mbao. Mezani weka sahani yenye vyumba, au bakuli nne ndogo zilizobandikwa kwenye ubao ili zisiteleze.

Mkono usifike mdomoni. Uweke kizuizi cha kamba fupi kinachousimamisha sentimita chache mbele ya midomo, mshiriki ndiye asogeze kichwa. Hivyo ndivyo mashine nyingi zinazouzwa zinavyofanya. Kwa asiyeweza kusogeza kichwa, kupeleka chakula ndani kabisa ya mdomo ni tatizo ambalo maabara ya Bhattacharjee, sasa katika Chuo Kikuu cha Cornell, imelifanyia utafiti wa peke yake kwa vihisi vya nguvu na kamera. Taa ya mezani na mshipi havina biashara hapo. Kwa mshiriki wa aina hiyo, mhudumu akipokee kijiko kilipokomea na kummalizia.

Kisha kitufe. Nunua swichi ya kengele ya mlango, betri na balbu ndogo ya LED. Swichi ikae anapoweza kuibonyeza: chini ya kidevu, pembeni ya kichwa kwenye kiti mwendo, chini ya kiwiko au mguu. Balbu iwe mbele ya mwendeshaji. Mshiriki akibonyeza, balbu inawaka, mwendeshaji anatenda. Kama mtu hana kiungo anachoweza kubonyezea, mkubaliane ishara ya nyusi au macho, na simu moja impigie mwendeshaji kwa video ili aione. Simu hiyo ionyeshe uso na kijiko vyote viwili.

Swali la sauti huleta ubishi darasani, na ni vizuri. Mashine iseme kitu au inyamaze? Wanafunzi huanza na “Fungua mdomo,” kwa sauti waliyorekodi wenyewe. Sasa waulize: kijana wa miaka ishirini na mbili anaweza kumwambia baba mwenye mvi “fungua mdomo”? Hata “Karibu” ikirudiwa kila kijiko inageuka kelele. Ushauri wangu ni kuanza na mashine bubu yenye taa ndogo inayowaka kabla ya kusogea, na kuwaachia washiriki waombe sauti wakiihitaji. Wakiiomba, wao waseme iwaiteje.

Angalia pia mkono unatokea upande gani. Kwa wengi wetu chakula huliwa kwa mkono wa kulia, na kijiko kinachotokea kushoto kinaweza kumkera mtu asiyeweza hata kueleza kwa nini amekereka. Weka upande wa kulia, isipokuwa mwenyewe akikuomba vingine. Na ugali: roboti zote za kulishia nilizozitaja zimesanifiwa kwa kijiko au uma, hakuna inayojua kumega na kuchovya. Ukitaka kuujaribu, matonge yakatwe mapema na yawekwe mboga juu, na uandike waziwazi kwamba hapo mashine imeshindwa na mtu ameisaidia.

Hatua ya 4: Mfunge mwendeshaji kwa kanuni

Hii ndiyo hatua inayotofautisha utafiti na mchezo wa kuigiza, na ndiyo wanaoruka wengi. Laurel Riek alipopitia makala 54 za tafiti za roboti zilizotumia njia hii, mapitio yaliyochapishwa 2012, alitoa orodha ya mambo ambayo kila mtafiti anapaswa kueleza: mwendeshaji alikuwa nani, alifunzwaje, aliruhusiwa kuona na kufanya nini, na makosa ya mashine yalipangwaje. Sababu ni nyepesi. Binadamu nyuma ya pazia ana huruma na akili. Akiona mshiriki bado anatafuna, atasubiri. Mashine yako haitajua kusubiri isipokuwa umeifundisha. Ukimwacha mwendeshaji awe mwerevu, utakuja kusifu roboti ambayo hakuna anayeweza kuitengeneza.

Kwa hiyo andikeni namna tatu za uendeshaji, kila moja kwenye karatasi moja, zibandikwe mbele yake.

Namna A, mshiriki anaamua yote. Taa ndogo zinawaka kwa zamu kwenye bakuli nne, anabonyeza ikifika anayoitaka, kisha anabonyeza tena kijiko kije. Mwendeshaji hafanyi lolote bila balbu kuwaka.

Namna B, mshiriki anaamua lini. Akibonyeza mara moja, kijiko kinakuja kutoka bakuli linalofuata kwa mpangilio.

Namna C, mashine inaamua. Kijiko kinakwenda chenyewe baada ya muda uliopangwa tangu tonge lililopita kuchukuliwa. Muda huo upateni kwenye daftari lenu la Hatua ya 1, msiukisie. Mshiriki ana amri moja tu: kusimamisha.

Amri ya kusimamisha iwepo katika namna zote tatu, na si mwendeshaji peke yake anayeitii. Mtu wa pili anayekaa wazi karibu na mshiriki awe na ruhusa ya kuushika mkono na kuuondoa.

Wekeni ucheleweshaji: balbu ikiwaka, mwendeshaji ahesabu kimoyomoyo hadi mbili ndipo avute. Mwendo wa mkono uwe uleule kila mara. Pangeni pia makosa, maana roboti halisi hukosea: kijiko kimoja kirudi kitupu, kingine kichukue kutoka bakuli lisilo sahihi. Yaandikwe yatatokea kijiko cha ngapi. Yasiwe makosa ya kumgusa mtu au kummwagia chakula.

Mazoezi yafanyike darasani hadi mwendeshaji achoke. Wanafunzi walishane kwa mkono huu, zamu kwa zamu, wengine wakiandika kila mara mwendeshaji anapovunja kanuni. Hapa mtagundua kwamba mshipi unakwama, kwamba pazia liko karibu mno na mtu anasikia pumzi, kwamba maharage yana mchuzi mwingi. Bora yatokee hapa.

Hatua ya 5: Siku ya jaribio

Ifanyike nyumbani kwa mshiriki au mahali alipozoea, saa ambayo huwa anakula. Mtu aliyeshiba hawezi kukuambia chochote kuhusu chakula. Chuoni inawezekana, lakini lipia usafiri wake na wa mhudumu, bajaji au teksi inayobeba kiti mwendo, na ulipe siku ileile.

Mpangilio wa namna tatu uzungushwe: wa kwanza aanze A, B, C, wa pili B, C, A, wa tatu C, A, B, kisha mrudie. Hivyo hakuna namna inayopendelewa kwa kuwa ilikuja mtu akiwa na njaa. Watu sita wanafaa kwa mradi wa muhula. Mtasikia kwamba watano wanatosha kugundua matatizo mengi ya kifaa. Hesabu hiyo ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya 1993 ilichukulia kwamba kila mtu hugundua karibu asilimia 31 ya matatizo, na kwamba watumiaji wanafanana. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo na mtu mwenye mtindio wa ubongo hawafanani hata kidogo katika kula. Kwa hiyo msitafute wastani wa watu sita. Andikeni habari ya kila mmoja.

Mpeni nafasi ya kuomba dua au kusema bismillahi kabla mkono haujasogea. Namna C isianze kuhesabu muda mapema. Kila namna ipate vijiko vichache, kati ya kumi na kumi na tano, halafu pumziko. Chakula kikipoa kibadilishwe.

Njia ya kumwomba mtu afikiri kwa sauti akifanya kazi, ambayo ni chakula cha kila siku katika majaribio ya programu, hapa haifai: mdomo una chakula. Badala yake rekodi video, na mwishoni mwa kila namna rudisheni vipande vifupi, mwulize, “Hapa ulisita. Ulikuwa unawaza nini?”

Aliye kando ahesabu mambo matatu: mara ngapi mshiriki alisimamisha mkono, mara ngapi alimtazama mhudumu wake, na mara ngapi alizungumza na watu waliomzunguka. Katika hayo, la pili ndilo husema zaidi. Jicho linalokwenda kwa mama kila kijiko linamaanisha mashine haijaeleweka bado, hata kama chakula kimefika salama.

Hatua ya 6: Maswali, na adabu inayoficha majibu

Mkimuuliza “Umeionaje?” atawajibu “Nzuri, hongereni.” Msiiandike.

Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vifaa viwili na kuwaambia kimoja kimetengenezwa na anayewahoji. Watu walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi kukipendelea hicho. Mhojaji alipokuwa mgeni wa kutoka nje anayehitaji mkalimani, ikawa mara 5. Tena hata kifaa kilipokuwa wazi kuwa ni duni. Kwetu, ambako mgeni hupewa kiti kizuri na kusifiwa hata akileta zawadi mbovu, sina sababu ya kudhani hali ni nafuu zaidi.

Kwa hiyo anayehoji asiwe aliyejenga, na asiseme “mashine yetu”. Ndiyo maana pia tuna namna tatu: ni rahisi kwa mtu mwenye adabu kusema ipi angeanza nayo kesho kuliko kusema ipi ni mbaya. Uliza kwa matukio: “Wageni wakija siku ya sikukuu, ungetumia ipi mbele yao?” “Ukiwa peke yako na mtoto wa dada?” “Dada akiwa na haraka ya kwenda kazini?” Usishangae mtu mmoja akichagua namna tofauti kwa kila swali. Jibu hilo ni zuri kuliko yote, maana linawaambia kwamba kinachotakiwa ni swichi ya kubadilisha namna, si namna moja bora.

Mhudumu ahojiwe peke yake, chumba kingine au siku nyingine. Ana mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya mgonjwa wake, na mshiriki vilevile.

Kama mnataka namba, dodoso la SUS la John Brooke la 1986, la kupima urahisi wa kutumia kifaa, lina kauli 10 zinazojibiwa kwa ngazi tano. Kwa kauli za namba witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa shufwa, 5 toa jibu. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5. Inatoka alama kati ya 0 na 100, ambayo si asilimia. 68 ndiyo huchukuliwa kuwa wastani. Lakini kauli zake zinapokezana, moja ya kusifu na moja ya kukosoa, na zikisomwa kwa sauti watu huchanganyikiwa. Someni polepole, na muulize sababu ya kila jibu. Kwa washiriki sita, sababu hizo zina faida kuliko alama.

Hatua ya 7: Kutoka kwenye video hadi orodha ya kazi

Watu wawili waitazame video kila mmoja kivyake, waandike kila tukio la kusita, kusimamisha, kutazama pembeni, kucheka. Kisha walinganishe. Wanapotofautiana wasigawane nusu kwa nusu. Warudie kipande hicho pamoja hadi waelewe kwa nini mmoja aliona na mwingine hakuona.

Mtoe jedwali moja lenye safu tatu: mashine ilihitaji kujua nini wakati huo (kwa mfano, kwamba mtu amemeza), mwendeshaji alijuaje, na kihisi gani kingejua. Mistari ambayo safu ya tatu iko wazi ndiyo gharama halisi ya roboti yenu. Mara nyingi mtaona kwamba namna B inahitaji swichi tu, ilhali namna C inahitaji kamera, programu ya kutambua uso na muda wa mhandisi kwa miaka, ili kufanya uamuzi ambao mshiriki angeufanya kwa kidevu.

Walimu, alama zitolewe hapa. Kwangu jedwali hilo na karatasi za kanuni za mwendeshaji zina uzito kuliko uzuri wa mkono, na kikundi kilichohitimisha kwamba mtu huyu hahitaji roboti, ila bakuli lisiloteleza na kiti cha urefu sahihi, kinastahili alama za juu kama kimeonyesha ushahidi.

Kabla ya kuandika ripoti, rudini kwa kila mshiriki na mambo mliyoandika kumhusu, msomeeni, mrekebishe anapowarekebisha. Mwulizeni kama jina lake litajwe kwenye shukrani au lisitajwe, kisha futeni video kwa tarehe mliyoahidi kwenye karatasi ya ridhaa.